Skrini Nyeusi: Nani Alaumiwe Linux Ikikataa Kushea?

Mkutano wa mtandaoni ukifika dakika ya tano, lazima mtu aulize: "Jamani, skrini yangu inaonekana?" Kwa wengi jibu ni ndiyo, kikao kinaendelea. Kwa sisi tunaotumia Linux, jibu tulilolizoea ni jingine: "Tunaona nyeusi tu." Hapo zinafuata dakika kumi za "hebu toka uingie tena", mwenyekiti anakohoa, na mwisho mtu anatoa lile neno linalouma kuliko yote: "Kwani Windows huna?"

Naandika haya nikiwa Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, ambako nipo kwa ajili ya utafiti wa uzamili. Neno hilo nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba nimeona nilijibu mara moja, kwa urefu. Jibu langu ni hili: weusi ule si ubovu wa Linux kwa namna ambayo watu wanadhani. Mara nyingi ni ulinzi unaofanya kazi yake sawasawa, mbele ya programu ya kuchati ambayo haijajifunza kubisha hodi. Lawama zipo, na nitazigawa, ila hazigawanyiki nusu kwa nusu.

Tuanze zamani kidogo. Kwa miongo mitatu hivi, karibu kila unachokiona kwenye kioo cha kompyuta ya Linux kilisimamiwa na mfumo unaoitwa X, uliozaliwa MIT kule Marekani mwaka 1984. Toleo lake la 11, yaani X11, lilitoka 1987 na ndilo lililodumu. Enzi hizo kompyuta za namna hiyo zilikuwa za vyuo na maabara, na programu zote zilizomo ziliaminiana kama watoto wa nyumba moja. Programu ikitaka picha ya skrini nzima, inachukua. Ikitaka kusikiliza vitufe unavyobonyeza ukiwa kwenye dirisha la programu nyingine, inasikiliza. Unaweza kujaribu mwenyewe kama bado unatumia X11: fungua terminali, andika xinput test pamoja na namba ya kibodi yako, halafu nenda kwenye kivinjari uandike nywila. Kila kitufe utakachobonyeza kitatokea kule kwenye terminali kwa namba yake, na hakuna aliyekuuliza kitu. Mara ya kwanza kuliona hilo nilifunga laptopu nikaenda kunywa chai.

Kwa hiyo kushea skrini kwenye X11 kulikuwa rahisi kwa sababu mbaya. Programu ya kuchati haikuomba ruhusa kwa kuwa hapakuwa na wa kumuomba. Nyumba haikuwa na milango.

Mwaka 2008 Kristian Høgsberg akaanzisha Wayland, mfumo wa kurithi nafasi ya X. Humo kila programu inapewa chumba chake. Inachora dirisha lake, inalikabidhi kwa programu kuu inayopanga madirisha, basi. Haijui jirani yake anachora nini, wala haisikii vitufe visivyo vyake. Ile hila ya xinput haikupi tena nywila za kwenye kivinjari. Huo ulikuwa uamuzi sahihi na nautetea bila aibu.

Lakini lawama ya kwanza inawaangukia haohao waliofanya uamuzi huo. Waliziba njia ya zamani wakati njia mpya haijachimbwa hata msingi. Itifaki ya msingi ya Wayland haikuwa na namna yoyote ya programu kuomba picha ya skrini, na jambo hilo likaachwa kwa kila mazingira ya Linux kujitafutia. Fedora ilipoifanya Wayland kuwa chaguo la kwanza kwenye toleo la 25, Novemba 2016, watu wakaanza kuona giza. Ubuntu ikafuata kwenye toleo la 17.10, Oktoba 2017. Miezi sita baadaye, kwenye 18.04, Ubuntu ikarudi X11, na mojawapo ya sababu zilizotajwa hadharani ilikuwa kwamba kushea skrini kwenye Skype na Hangouts kunafanya kazi vizuri kule kuliko Wayland. Hebu lipime hilo. Mfumo unaotumiwa na mamilioni ya watu ulirudishwa nyuma kwa ajili ya jambo dogo ambalo wahandisi hawakuliweka kwenye orodha ya mambo ya lazima. Ubuntu ilisubiri hadi Aprili 2021 ndipo ikairudisha Wayland kama chaguo la kwanza, na hata hapo wenye kadi za Nvidia waliachwa pembeni.

Njia mpya ilipopatikana ilikuwa nzuri kweli. Ina sehemu mbili. Ya kwanza inaitwa portal, ya pili PipeWire, kazi ya Wim Taymans wa Red Hat iliyotangazwa 2017. Portal ndiyo mlango. Programu ya kuchati ikitaka skrini, inabisha hodi pale. Portal haiijibu programu, inakuuliza wewe: kuna mtu anaomba kuona, umwonyeshe skrini gani, au dirisha lipi? Unachagua dirisha moja, unabonyeza kitufe, na PipeWire inaanza kubeba picha za dirisha hilo tu hadi kwenye programu, kama mfereji unaopeleka maji shamba moja bila kugusa la jirani. Programu yenyewe haijui hata una madirisha mangapi yaliyofunguka.

Ukitaka kuelewa kwa nini napenda mpango huu, njoo kwenye kazi yangu. Natafiti visima: vilipo, kina chake, maji yanapungua lini. Ramani natengeneza kwa QGIS, programu huria isiyodai leseni, na jedwali langu lina majina ya wakuu wa kaya na namba zao za simu. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi Tanzania, na hata isingekuwepo, mzee aliyenikaribisha uani kwake hakukubali jina lake lionekane kwenye mkutano wa watu kumi na wawili. Nikishea skrini nzima, jedwali linaweza kuchungulia wakati nahama dirisha. Pia ujumbe wa WhatsApp unaweza kudondoka juu, au ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kila mtu akacheka. Nikishea dirisha la QGIS peke yake, hayo hayapo. Windows nayo inakuruhusu kuchagua dirisha, ndiyo. Tofauti ni kwamba kwenye Wayland programu ya mikutano haipati ya ziada hata ikitaka, wakati kule unategemea uungwana wake.

Na tusijifanye kwamba hatari hii ni ya nadharia. Matapeli wa siku hizi hawaishii kwenye kutuma meseji. Wanampigia mtu, wanajifanya huduma kwa wateja, wanamwambia ashee skrini "wamsaidie", kisha wanasubiri namba ya siri ya mara moja iingie. Mfumo unaokuuliza "unamwonyesha nani, na nini?" haumzuii tapeli mwenye maneno matamu, lakini unampa mtu sekunde mbili za kufikiri.

Sasa twende kwa waliochelewa kubisha hodi.

Vivinjari vilianza mapema kiasi. Msimbo wa kuongea na portal uliingia kwenye WebRTC, ile mashine ya sauti na video iliyomo ndani ya Chrome na Firefox, kwa kazi kubwa ya watu wa Red Hat, Jan Grulich akiwa mmoja wao. Ila kwenye Chrome ulikaa miaka kadhaa nyuma ya swichi ya majaribio. Ilibidi uende kwenye ukurasa wa chrome://flags, utafute jina lenye neno PipeWire, uiwashe kwa mkono. Ni nani aliyetegemewa ajue hilo? Mwalimu wa kemia?

Zoom ilichagua njia ya mkato. Kwenye mazingira ya GNOME ilikuwa ikitumia huduma ya kupiga picha skrini: inapiga picha, inapiga nyingine, inapiga nyingine, inaziunganisha na kuita video. Mtu yeyote aliyewahi kuona kishale cha mshale kikiruka kama panzi kwenye Zoom ya Linux anajua nasema nini. Septemba 2021 GNOME 41 ikaifunga huduma hiyo kwa programu za nje, kwa sababu ileile ya usalama, na Zoom ikawa nyeusi. Watumiaji wakaitukana GNOME. Mimi naona aliyevunja ni yule aliyepita dirishani wakati mlango upo. Baadaye Zoom ilihamia kwenye portal, jambo linaloonyesha kwamba haikuwa kazi isiyowezekana.

Microsoft ilitoa Teams ya Linux Desemba 2019 kama toleo la majaribio, ikaiondoa Desemba 2022 na kuwaambia watu watumie kivinjari. Nitasema jambo litakaloudhi wenzangu: kwa suala hili la skrini, kuondolewa kule kulikuwa nafuu, maana kivinjari kilikuwa tayari kinajua portal na ile programu ilikuwa nyuma.

Discord ndiyo inayonikera zaidi. Programu yake ya kompyuta imejengwa juu ya Electron, ambayo ndani yake ni Chromium, yaani ileile mashine ambayo tayari ilikuwa imefundishwa kuongea na portal. Kazi ngumu ilikwishafanywa na watu wengine na kutolewa bure. Hata hivyo ilikwenda hadi karibu na mwanzo wa 2025 ndipo toleo rasmi la Linux likapata kushea skrini pamoja na sauti kwenye Wayland. Katikati hapo wanajamii walijitengenezea programu mbadala, Vesktop, iliyofanya hayo yote. Kikundi cha watu wanaojitolea kikiitangulia kampuni yenye mamilioni ya watumiaji, hoja ya "ni ngumu" inakosa miguu.

Na WhatsApp, ambayo ndiyo programu ya kuchati ya nchi hii kwa maana halisi? Ilileta kushea skrini Agosti 2023. Programu rasmi ya Linux haijawahi kuwa nayo.

Utetezi wa kampuni unajulikana: watumiaji wa Linux ni wachache. StatCounter ilihesabu asilimia 4 ya kompyuta za mezani na laptopu duniani kwa mara ya kwanza Februari 2024. Ni wachache, kweli. Lakini uchache haueleweki bila kuuliza ni akina nani. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya bure Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inakataa kompyuta nyingi za zamani kwa kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0 au prosesa mpya. Laptopu ya namna hiyo Ulaya inakwenda kwenye taka. Huku kwetu inauzwa mtumba, na mwenye akili anaiwekea Linux, inaishi miaka mingine mitano. Yangu mimi ni ya aina hiyo. Kwa hiyo anayeachwa gizani si yule mpenda kompyuta wa California tu. Ni mwanafunzi ambaye Linux kwake ndiyo tofauti kati ya kuwa na kompyuta na kutokuwa nayo.

Kuna hesabu moja inayofanya jambo hili liwe zito zaidi kwa tulio mbali. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 700, kwa hiyo msimamizi wangu namwona mtandaoni, kwa bando langu. Watu wengi wanaamini kushea skrini kunakula bando kuliko kamera. Ni kinyume. Mwongozo wa Zoom wenyewe unasema kushea skrini bila video kunahitaji kilobiti 50 hadi 75 kwa sekunde, wakati video nzuri ya watu wawili inahitaji 600 hivi. Sababu yake inapendeza: video haitumwi picha nzima kwa picha nzima, yanatumwa mabadiliko. Uso wa mtu unacheza muda wote, mwanga unabadilika, pazia linapepea. Ramani iliyotulia haibadiliki, kwa hiyo hakuna cha kutuma. Piga hesabu ya saa moja: kilobiti 75 kwa sekunde ni megabaiti 34, kilobiti 600 ni megabaiti 270. Ongeza sauti, kilobiti 60 hadi 80, na bado mkutano wa skrini na sauti unakuwa na megabaiti 70 tu. (Ukianza kuivuta ramani huku na huku, hesabu inapanda. Itulize, zungumza.)

Yaani huduma waliyoichelewesha ndiyo inayomfaa zaidi mtu mwenye mtandao hafifu. Kamera inaweza kuzimwa na hakuna kinachopotea, maana msimamizi anaijua sura yangu. Ramani haielezeki kwa mdomo.

Mwaka jana nilikuwa na kikao cha maendeleo, na chuo kilikuwa kimetupangia programu ambayo sitaitaja. Nikabonyeza kitufe cha kushea, programu ikaandika kwamba nashea, kwa rangi ya kijani kabisa. Upande wa pili wakaona nyeusi. Dokta akavumilia, kisha akasema, "Basi piga picha kwa simu unitumie WhatsApp." Nikapiga picha kioo cha laptopu kwa simu, na taa ya balbu imeakisi katikati, nikatuma. Rangi za kina cha maji, ambazo ndizo zilizokuwa hoja yenyewe, hazikutofautika. Tukaahirisha sura hiyo kwa wiki tatu. Wiki tatu kwenye utafiti wa maji ni msimu kubadilika.

Kilichoniudhi zaidi siku ile si kushindwa, ni ile rangi ya kijani. Programu ile ilikuwa inapita XWayland, yaani kile kijumba cha X kilichobakizwa ndani ya Wayland kwa ajili ya programu za zamani. Humo ndani iliomba picha ya skrini kwa adabu za mwaka 1987, ikapewa ilichostahili: dirisha tupu, kwa kuwa kijumba kile hakioni nje. Programu ikachukua weusi ule ikautangaza kama mafanikio. Kujua kwamba kipindi chako ni cha Wayland ni swali la mstari mmoja, hata wewe unaweza kuuliza kwa kuandika echo $XDG_SESSION_TYPE kwenye terminali. Programu ingeweza kuuliza na kusema: "Mfumo wako unalinda skrini, tumia toleo la kivinjari." Sentensi moja. Na ingekuwa ya Kiswahili isingekuwa muujiza: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya programu kwa Kiswahili, mwaka 2004.

Niwatendee haki wahandisi kwa jambo moja. Linux si mfumo mmoja. GNOME wana portal yao, KDE yao, na mazingira madogo madogo yanatumia nyingine, na baadhi hazina dirisha la kuchagua au zinaruhusu skrini nzima tu. Kampuni ikijaribu kwenye Ubuntu ikafanya kazi, haijahakikisha kitu kwa wengine. Hiyo ni shida ya kweli. Lakini ndiyo hasa iliyofanya portal itengenezwe, ili programu ibishe hodi kwa namna moja tu na nyumba ijitegemee ndani. Anayelalamika kwamba nyumba ni nyingi huku hajajifunza neno "hodi" ananichosha.

Leo hii, ukiniuliza ufanyeje, nitakuambia tumia kivinjari. Jitsi Meet, Google Meet, hata Zoom na Teams za kwenye kivinjari zinashea dirisha kwenye Wayland bila mgogoro. Fanya jaribio siku moja kabla, na rafiki, si na msimamizi. Kukimbilia X11 kwa kuichagua pale kwenye alama ya gia unapoingia kulikuwa dawa ya wengi, lakini dawa hiyo inaisha: Ubuntu 25.10 iliyotoka Oktoba 2025 haina tena kipindi cha GNOME cha X11. Linux Mint ya Cinnamon bado inatumia X11 kama chaguo la kwanza, kwa hiyo wenye Mint mnashea bila shida huku nywila zenu zikisikika, chagueni wenyewe.

Yaliyobaki ni kero ndogo zinazochosha. Chrome ina dirisha lake la kuchagua, portal nayo ina la kwake, na wakati mwingine unajikuta unajibu swali lilelile mara mbili, mara ya pili ukiwa na wasiwasi kama ya kwanza ilikubaliwa. Sauti ndiyo mbaya zaidi. Portal ya skrini inabeba picha, haibebi sauti, ingawa PipeWire iliyo nyuma yake inasimamia sauti ya kompyuta nzima kwenye Linux nyingi za sasa. Ukitaka kumwonyesha mwenzako rekodi ya mahojiano, Chrome inaweza kushea sauti ya kichupo kimoja cha kivinjari, kwa hiyo mimi huifungua faili ya sauti ndani ya kichupo na kukishea hicho. Inafanya kazi. Jumanne iliyopita bibi mmoja wa Ibaga alisikika Dar akieleza kwa Kinyiramba jinsi kisima chao kilivyokauka, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeniuliza kama nina Windows.